Nani analipa gharama ya kungoja?

Leo nataka tuongelee rosta. Ndiyo, rosta. Ile karatasi inayobandikwa ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo, inayoamua kama Jumapili utakwenda kanisani au kazini, na kama Idd utakula pilau nyumbani au utakula chipsi mayai ukiwa umesimama nyuma ya kaunta. Wengi wetu tulisoma tukidhani kazi ni saa mbili mpaka saa kumi, kisha mtu anarudi kwake. Lakini hebu angalia mji unavyoendeshwa: nesi, mlinzi, mhudumu wa hoteli, keshia wa supamaketi, kijana wa kituo cha mafuta, dada anayepokea simu za wateja. Wote hao wanaishi kwa zamu. Sisi waandishi wa habari nasi tumo, maana gazeti na redio havilali.

Nimeanza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya mdogo wangu. Ni mtoto wa mama mdogo, lakini kwetu huyo ni mdogo wangu tu. Anafanya kazi katika kituo cha kupokea simu za wateja hapa Dar es Salaam (kampuni siitaji). Wewe uliyetuma pesa kwenye namba isiyo yenyewe, ukapiga simu huku unalia, yeye ndiye anayekupokea. Analipwa kwa saa alizokaa kitini. Zamani zamu zao zilipangwa na supavaiza kwa kalamu na rula. Siku hizi zinapangwa na programu ya kompyuta. Kila Alhamisi jioni simu yake inalia, anafungua, anakuta wiki nzima imeshapangwa. Jumamosi inaweza kulia tena, ikawa imepanguliwa.

Alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni ya uhasibu na ada ameshalipa nusu. Wiki ya tano akaacha, kwa sababu hakuna mwalimu anayefundisha kwa ratiba inayohamahama. Akaniambia neno ambalo limenikaa kichwani: "Kaka, zamani ningemwendea supavaiza nikamlilia. Sasa nimlilie nani?"

Kabla hatujaanza kuilaani kompyuta, tuwe wakweli. Kalamu ya supavaiza haikuwa ya malaika. Kila aliyewahi kufanya kazi ya zamu anajua jinsi mambo yalivyokwenda. Shangazi yake bosi hapangiwi usiku. Anayemnunulia supavaiza soda anapata ofu ya Jumamosi. Binti anayekataa "kutoka" na msimamizi anajikuta na zamu za usiku wiki tatu mfululizo. Mdogo wangu mwenyewe anakiri kwamba programu imeua mengi ya hayo. Imewapanga wote sawa, saa zao zinaonekana, na mwisho wa mwezi hakuna ubishi wa "siku ile ulikuja au hukuja?" Hilo si jambo dogo.

Sasa programu hizi hufanya nini hasa? Ukiondoa maneno matamu ya wauzaji, zinafanya kazi nne. Zinatabiri ni wateja wangapi watakuja saa fulani ya siku fulani. Zinapanga watu kulingana na utabiri huo. Zinarekodi nani kaingia na kutoka saa ngapi. Kisha zinapeleka hesabu ya saa kwenye mishahara.

Hiyo kazi ya kurekodi ndiyo kongwe kuliko zote. Sonara mmoja wa mji wa Auburn, jimbo la New York, aitwaye Willard Bundy, ndiye aliyebuni mwaka 1888 saa ya kurekodi mahudhurio ya wafanyakazi. Kampuni iliyozaliwa na ubunifu huo iliungana na nyingine, zikaungana tena mwaka 1911, na mwaka 1924 muungano huo ukajiita IBM. Yaani moja ya mizizi ya kampuni kubwa kabisa za kompyuta duniani ni ile kengele ya kumwambia mfanyakazi "umechelewa".

Kazi ya kutabiri na kupanga nayo haikuanzia Silicon Valley. Ilianzia Copenhagen, Denmark, kwenye kampuni ya simu. Mhandisi wa hesabu aitwaye A. K. Erlang alijiuliza: simu zikiingia ovyo ovyo bila mpangilio, tunahitaji waya ngapi na watu wangapi ili wateja wasingoje sana? Majibu yake aliyachapisha mwaka 1909 na 1917, na mpaka leo fomula zake zimo ndani ya programu zinazopanga zamu za vituo vya simu.

Tufanye hesabu kidogo, msinikimbie. Tuseme kituo kinapokea simu 120 kwa saa, na kila simu inachukua dakika 5. Hiyo ni dakika 600 za mazungumzo, yaani kazi ya watu 10 wanaoongea bila kupumua. Meneja asiyejua hesabu ataajiri watu 10. Kitakachotokea ni kwamba foleni itakua na kukua bila mwisho, kwa sababu simu haziji kwa kupanga mstari. Zinakuja tano kwa mpigo, kisha kimya, kisha nane. Ukitaka simu 80 katika kila 100 zipokelewe ndani ya sekunde 20, fomula ya Erlang inakuambia weka watu 14.

Sasa angalia vizuri. Kazi ni ya watu 10, lakini kitini wako 14. Maana yake kila mmoja anaongea kama dakika 43 katika kila saa, na dakika 17 anakaa anangoja. Meneja akipita na kumkuta dada anatazama kucha zake, anaona uvivu. Siyo uvivu! Dakika hizo 17 ndizo zinazomfanya mteja apokelewe haraka. Kungoja kwake ni sehemu ya bidhaa. Ukiziondoa, mteja ndiye atakayengoja, akisikiliza ule muziki wa kuudhi.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa. Katika biashara yoyote ambayo wateja hawaji kwa miadi, lazima mtu fulani angoje. Anaweza kungoja mteja, kwenye foleni. Anaweza kungoja mfanyakazi akiwa kazini, kwa gharama ya mwajiri. Au anaweza kungoja mfanyakazi akiwa nyumbani, simu mkononi, kwa gharama yake mwenyewe. Kompyuta haiwezi kufuta kungoja. Inachoweza ni kukuhamisha kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na mara nyingi hukupeleka kwa yule asiye na sauti.

Na hili kwetu pwani si geni hata kidogo. Neno "kibarua" linatokana na barua. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, jioni akakirudisha akalipwa ujira wake. Bandari ya Mombasa iliendeshwa hivyo kwa miaka mingi. Meli haziji kama daladala. Leo zimejaa gatini, kesho bahari tupu. Makampuni hayakutaka kumlipa mtu siku ya bahari tupu, hivyo yakachukua vibarua asubuhi na kuwaacha jioni.

Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeichunguza sana bandari hiyo, anaonyesha jambo la kuchekesha kidogo: vibarua wengi hawakuuchukia mpango ule. Mtu alifanya kazi siku alizotaka, akapata fedha yake, siku nyingine akaenda shambani au akapumzika. Waliokuja kukosa usingizi ni wakubwa wa serikali ya kikoloni. Mtu ambaye hamtegemei bosi mmoja humtishi kwa kumfukuza. Ilitokea migomo mwaka 1934 na 1939, kisha ule mgomo mkuu wa Januari 1947 uliousimamisha mji mzima. Katika miaka hiyo ya 1940 na 1950, serikali na makampuni wakahangaika kuwasajili vibarua na kuwageuza kuwa wafanyakazi wa kudumu, wenye zamu za kueleweka.

Mnaona kinyume chake? Wakati ule mkubwa ndiye aliyetaka ratiba ya kudumu, na kibarua ndiye aliyetaka uhuru. Leo mkubwa ndiye anayetaka ukibarua urudi, na mfanyakazi ndiye anayelilia ratiba. Kilichobadilika ni nani mwenye neno la mwisho. Kibarua wa Mombasa aliweza kusema "leo siji", na kesho akaenda getini kama kawaida. Mfanyakazi wa programu akisema "leo siji", programu inakumbuka. Wiki ijayo saa zake zinapungua, bila mtu yeyote kumwambia kwa nini.

Wamarekani wameyapitia haya kabla yetu, kwa hiyo tunaweza kujifunza kwao bure. Agosti 2014, gazeti la New York Times lilichapisha habari ndefu kuhusu mama mmoja kijana aliyefanya kazi Starbucks huko California. Zamu zake zilipangwa kwa programu ya kampuni ya Kronos. Alikuwa akizijua siku chache tu kabla, na hakuweza kupanga nani atakaa na mtoto wake. Tena kulikuwa na ule mtindo wa kumpangia mtu afunge duka usiku wa manane na huyohuyo alifungue alfajiri. Habari ilipotoka, Starbucks ikatangaza mara moja kwamba itaubadilisha utaratibu huo. (Hapo ndipo ninapojivunia kazi yangu, jamani. Habari moja iliyoandikwa vizuri!)

Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akayaandikia barua makampuni 13 ya maduka, akiyauliza kuhusu zamu za "piga simu uulize kama unahitajika". Hiyo ni zamu ambayo unaamka, unaoga, unatafuta mtu wa kukaa na mtoto, kisha unapiga simu unaambiwa baki nyumbani, na hulipwi hata senti. Kadhaa ya makampuni hayo yaliacha.

Kisha zikafuata sheria. San Francisco ilitangulia kwa sheria za mwaka 2014, Seattle na jiji la New York zikafuata mwaka 2017, na jimbo la Oregon likawa la kwanza kuwa na sheria ya jimbo zima, iliyoanza kutumika mwaka 2018. Huko New York, mfanyakazi wa migahawa ya vyakula vya haraka lazima apewe ratiba siku 14 kabla. Ukiibadilisha baada ya hapo unamlipa fidia, dola 10 mpaka 75 kutegemea umebadilisha nini na umechelewa kiasi gani. Ukimtaka afunge usiku na kufungua asubuhi bila kupumzika saa 11, kwanza akubali kwa maandishi, kisha umuongezee dola 100. Sheria hizi hazikuikataza kompyuta. Zimeweka bei kwenye kungoja, basi. Na kompyuta, ikishaambiwa bei, inapanga vizuri tu.

Je, wenye maduka hupata hasara wakiwapa watu ratiba ya kueleweka? Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya katika maduka ya Gap, miji ya San Francisco na Chicago. Maduka mengine yalipewa utaratibu wa zamu zilizotulia, mengine yakaachwa kama yalivyokuwa. Katika yale yaliyotulia mauzo yalipanda kwa asilimia 7 na tija ya kazi kwa asilimia 5. Ukifikiri si ajabu. Mtu aliyelala, anayejua mtoto wake yuko wapi, anamhudumia mteja vizuri kuliko anayesinzia.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wanadhani Tanzania hatuna sheria ya mambo haya. Tunayo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ovataimu isizidi saa 50 katika wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu. Hata pamoja na ovataimu, siku isizidi saa 12. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, mtu apumzike saa 12 kwa kawaida.

Mchukue mlinzi wa getini kwenu. Wengi nikiwauliza wananiambia saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 72. Toa 45, zinabaki 27 za ziada kila wiki, au 108 kwa wiki nne. Sheria inasema 50. Kwenye daftari la kaunta hesabu hiyo hufichika, kwa sababu hakuna anayeijumlisha. Kwenye programu haifichiki: bonyeza mara moja, saa 108 hizo hapo, kwa jina na tarehe. Kwa hiyo mimi sisemi tuichome moto programu. Nasema chombo kile kile kinachomnyima mdogo wangu masomo kinaweza kumtetea mlinzi wenu, ikitegemea nani ana ruhusa ya kukisoma.

Kuna na hili la saa yetu ya Kiswahili. Programu hizi zimetengenezwa na watu ambao siku yao inaanza usiku wa manane. Yetu inaanza na jua. Rosta inaandika 07:00, sisi tunasoma saa moja asubuhi. Inaandika 19:00, tunasoma saa moja usiku. Kichwani kila mtu anaongeza na kutoa sita kila siku, na mgeni wa kazi akikosea anafika saa sita kabla au saa sita baada. Zaidi ya hapo, zamu ya saa 4 usiku wa Jumamosi mpaka saa 12 asubuhi ni ya siku gani? Bibi yangu atakuambia ni usiku wa kuamkia Jumapili, zamu moja, imekwisha. Kompyuta inaikata vipande viwili saa 6 usiku. Kama aliyeiweka hakuwa makini, kipande kimoja kinaingia wiki hii na kingine wiki ijayo, na ovataimu ya mtu inayeyuka hapo katikati.

Dakika nazo zinayeyuka. Programu nyingi zina mtindo wa kuzungusha muda kwenye robo saa iliyo karibu: ukizidisha dakika 7 zinafutwa, ukizidisha 8 unahesabiwa 15. Mtu anayezidisha dakika 7 kila siku kwa siku 26 amefanya kazi saa 3 na dakika 2 za bure kwa mwezi. Ikiwa mzunguko unakata pande zote mbili, sawa. Ikiwa unakata upande mmoja tu, huo una jina lake la Kiswahili, tena fupi.

Na usisahau vidole. Mashine za kuweka kidole zimeenea kuliko mashine za kahawa. Fundi ujenzi aliyeliwa vidole na saruji, au dada wa usafi ambaye ngozi imelainishwa na sabuni kali, anaweka kidole mara tano na mashine inamkataa. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kama Kenya walivyokuwa nayo tangu mwaka 2019. Alama ya kidole ni taarifa yako. Nywila ukiibiwa unabadilisha, kidole utabadilisha na nini? Desemba 2021 hao hao Kronos walivamiwa na wezi wa mtandaoni, mifumo ikafungwa kwa wiki kadhaa, na hospitali na ofisi nyingi za Marekani zikarudi kwenye karatasi ili zijue nani wa kumlipa. Wale waliokuwa na kumbukumbu yao wenyewe ya saa zao ndio walioweza kubisha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, wakikuletea programu ya zamu kazini kwenu, usiishie kuuliza jinsi ya kuipakua. Uliza rosta itatoka siku ngapi kabla. Uliza ikibadilishwa baada ya hapo, nani analipa nauli na usumbufu. Uliza nani ana ruhusa ya kurekebisha saa zako zilizokwisha rekodiwa, na kama marekebisho yanaacha alama. Uliza kama unaweza kubadilishana zamu na mwenzako bila kupiga magoti. Uliza kama ndani yake mmeweka zile saa 45, zile 50 na zile 12, au mmeweka tu bajeti ya mishahara. Na uliza jina la binadamu ambaye mtu mwenye shida atamwendea. Programu isiyo na mtu nyuma yake ni mlango usio na kitasa.

Na kama wewe ndiye bosi, najua mgahawa una faida nyembamba na saa tisa alasiri wahudumu wanasinzia. Lakini utabiri wa wateja ni kazi yako, wewe ndiye mwenye duka. Kama meli haikuja, usimtumie bili aliyeamka alfajiri kuipakua.

Mimi tangu wiki iliyopita naandika saa zangu kwenye kidaftari kidogo cha shilingi mia tano. Jioni njema, na kwa wale mnaoingia zamu ya usiku, kesheni salama.